Kwenda Pemba na rafiki: namna ya kupanga siku tano kwa kufuata maji

Watu wengi wa bara tukisema "naenda Zanzibar" tunamaanisha Unguja: Mji Mkongwe, Forodhani, Nungwi, halafu tunarudi. Pemba inabaki jina la kwenye taarifa ya hali ya hewa. Mimi nimeshakwenda mara tatu, na mara ya mwisho nilikwenda na shoga yangu wa tangu chuo, mtu wa Mbeya, ambaye alikuwa hajawahi kuingia baharini kupita magoti. Mwongozo huu nimeuandika kwa watu kama sisi: marafiki wawili wenye siku tano za likizo na pesa za kawaida, wanaotaka kukiona kisiwa kama wanavyokiona wenyewe wanaoishi pale.

Kaeni mzungumze kabla ya kukata tiketi

Mjini mnaonana kwa muda wa saa mbili, mnacheka, kila mtu anarudi kwake. Safarini mtaamka pamoja, mtangoja pamoja daladala ijae, mtagawana feni moja. Kwa hiyo yapo mambo ya kusemana mapema, na la kwanza ni pesa.

Sisi tulifungua mfuko mmoja. Kila mtu aliweka shilingi 400,000, mbali na nauli ya kutoka Dar, na humo tukalipa malazi, daladala, chakula na boti. Mmoja alishika pesa, mwingine akaandika kwenye daftari dogo. Zawadi za nyumbani na vocha, kila mtu kwa pesa zake. Safari yangu ya kwanza na mwenzangu mwingine hatukufanya hivyo. Nilikuwa nalipa mimi, yeye anasema "nitakurudishia", na kufika siku ya tatu nilijikuta namhesabia vikombe vya chai. Urafiki ule haukurudi kama ulivyokuwa, na bado unaniuma.

La pili ni bahari. Kama hujui kuogelea, sema ukiwa bado nyumbani. Shoga yangu aliniambia wiki mbili kabla, na hilo lilitupa nafasi ya kutafuta nahodha mwenye majaketi ya kuokolea yanayofunga vizuri na kuchagua mahali penye maji tulivu.

La tatu ni chumba. Kama ninyi ni mwanamke na mwanamume na hamjaoana, chukueni vyumba viwili. Nyumba nyingi za wageni Pemba zitawaomba cheti cha ndoa mkitaka kimoja, na mhudumu anayeuliza anatimiza kazi yake. Msimbishie.

Chagueni tarehe kwa kutazama mwezi

Hapa ndipo safari inapofanikiwa au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bahari ya Pemba hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Wavuvi hawahitaji jedwali kulijua hilo. Wanahesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mnamo tarehe 8 na tarehe 22, ni maji mafu. Bahari haipandi sana wala haiendi mbali.

Sasa saa zake. Siku ya bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo yanageuka: maji hujaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Mtu asiyejua hili hutoka na taulo saa nne asubuhi ya bamvua akakuta bahari imekwenda zake, imeacha mchanga, majani na mwamba mtupu, akarudi kuwaambia watu kwamba ufukwe haufai. Ufukwe ulikuwa na wakati wake, yeye akaukosa.

Kwa marafiki wanaokwenda mara ya kwanza ninapendekeza hivi: fikeni tarehe 12 ya mwezi wa Kiislamu, muondoke tarehe 16. Siku ya kufika maji yatakuwa yanajaa mnamo saa saba na nusu mchana, na siku ya kuondoka yatakuwa yamesogea hadi karibu saa kumi na moja jioni. Asubuhi zote mnazo kwa msitu, mashamba na magofu, na alasiri zote mnazo kwa kuogelea. Usiku mna mbalamwezi, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo taa za barabarani ni chache. Saa hizi ni za kukisia, kwa hiyo mkifika muulizeni nahodha au mvuvi yeyote, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Atawajibu hata bila kutazama simu.

Baada ya mwezi, tazameni upepo. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na Juni hadi Agosti bahari kati ya Unguja na Pemba inaweza kuwa nzito. Aprili na Mei ni masika, mvua inanyesha siku nzima na njia za shamba zinateleza. Mimi napenda Oktoba, wakati wa maleleji, yaani kipindi cha kati ya pepo mbili, kusi ikiwa imechoka, au Februari ndani ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Angalieni pia Ramadhani imeangukia wapi. Kwenda Ramadhani si vibaya, futari ya Pemba ni neema tupu, lakini mchana hamtapata mahali pa kula hadharani, na hata nyinyi msiofunga hampaswi kula wala kunywa mbele za watu.

Kufika

Kutoka Dar kuna boti za mwendo wa kasi hadi Unguja, kama saa mbili, na kutoka bandari ya Malindi Unguja mnapanda nyingine hadi Mkoani, bandari kuu ya Pemba. Hazisafiri kila siku kama zile za Unguja, na ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizeni wiki moja kabla na mpange siku zenu kwa kuzifuata. Ndege ndogo hutua uwanja wa Chake Chake. Kutoka Unguja ni kama nusu saa angani, na mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu, basi begi la magurudumu liacheni nyumbani.

Raia wa Tanzania beba kitambulisho cha taifa. Kama rafiki yako ametoka nje ya nchi, aje na pasipoti na anunue bima ya Zanzibar kabla ya kufika. Imekuwa ya lazima kwa wageni wa nje tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na ilipoanza mtu mzima alilipa dola 44.

Mkondo wa Nungwi, baada ya kuiacha ncha ya kaskazini ya Unguja, ndipo matumbo yanapogeuka. Kunyweni dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kuondoka, kuleni kidogo kitu kikavu, kaeni sehemu ya chini karibu na katikati ya chombo au nyuma penye hewa, na msisome simu. Shoga yangu alitafuna tangawizi mbichi njia nzima huku anatazama upeo wa bahari, na akashuka Mkoani kwa miguu yake.

Ni mkondo huohuo ambamo meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa imejaza kupita kiasi, ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mamia ya watu walikufa. Mtakutana na watu waliopoteza wazazi na watoto humo, msiizungumzie kwa mzaha. Na sheria yenu ninyi wawili iwe moja: mkiona chombo kimejaa watu hadi kwenye ngazi, hamuingii, hata kama tiketi imekwishalipiwa. Kubalianeni hilo kabla, maana pale bandarini, jua likiwaka na watu wakisukumana, mmoja atataka kuingia tu.

Wekeni makazi Chake Chake

Wengine hulala Mkoani au Wete, na Wete ni mji mzuri wenye utulivu wake. Lakini kwa siku tano, Chake Chake pako katikati na magari yote yanaanzia hapo: 603 ya Mkoani, 606 ya Wete, 602 ya Konde huko kaskazini. Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, lakini msihesabu kwa kilomita. Gari litasimama kushusha gunia la nazi, kumpakia bibi na kuku wake, kupokea barua ya mtu. Kaeni upande wa dirisha. Mashine za kutolea pesa zipo Chake. Chukueni taslimu ya kutosha hapo, maana mtu wa boti na mama wa chakula watataka noti mkononi, au pesa kwa simu.

Mavazi ni jambo la heshima, na karibu wakazi wote wa Pemba ni Waislamu. Dada zangu, magauni yafunike magoti na mabega, na mtandio uwe mkobani. Kanga mbili zinatosha kwa kila kitu: kujifunga ukitoka majini, kujifunika kwenye boti, kutandika mchangani. Kaka zangu, kifua wazi ni cha ufukweni, msipite nacho mjini.

Na salamu. Pemba hamuwezi kuuliza njia kabla ya kusalimia. Anzeni na "Assalamu alaikum", mngoje mjibiwe, muulize habari za asubuhi, habari za nyumbani, ndipo mseme shida yenu. Mtu mzima mpeni shikamoo yake. Mwanzoni shoga yangu aliona tunapoteza muda. Siku ya pili mzee mmoja pale sokoni, baada ya salamu ndefu, aliacha kibanda chake akatusindikiza hadi kwenye gari letu na kumwagiza kondakta pa kutushusha.

Siku ya Misali

Iwekeni siku ya pili, mkiwa bado na nguvu na maji yanajaa mapema mchana. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, hifadhi tangu mwaka 1998, na boti hutoka Wesha au Mkoani. Patana bei siku moja kabla, kwa boti nzima na siyo kwa kichwa, na uliza kama ada ya kuingia hifadhini imo ndani au ni mbali. Kama kuna wageni wengine wawili pale mlipolala, wakaribisheni mgawane gharama.

Ondokeni muda wa kama saa tatu kabla ya maji kujaa. Mkitokea Wesha, njiani mnapita Ras Mkumbuu, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mkifika maji yakiwa yamekwishapanda mtashuka bila kutembea kwenye tope la mikoko. Kisha Misali yenyewe: mchanga, msitu na matumbawe karibu na ufuo. Kati ya Pemba na bara bahari ina kina kinachofikia kama mita 800, ndiyo maana rangi ya maji inageuka ghafla kutoka kijani kuwa buluu nzito. Pale inapogeuka, asiyejua kuogelea asivuke. Shoga yangu alibaki upande wa mchanga na jaketi lake, maji ya kifuani, miwani ya kuzamia usoni, kichwa ndani ya maji. Aliona samaki wa rangi kwa mara ya kwanza maishani, na akawa anapiga kelele ndani ya mpira wa kupumulia hadi nahodha akacheka.

Vaeni raba kuukuu, maana kwenye mwamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na ndala hazizuii chochote. Msikanyage matumbawe, msiokote chaza wala kome. Mtawakuta wavuvi wa dago waliopiga kambi. Hao wako kazini, wasalimieni, na picha muombe kwanza. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika hapo, akaomba msala wa kusalia akakosa, akasema kisiwa chenyewe kiwe msala wake. Nahodha wetu alipomaliza kusimulia alizima mashine, tukaelea kidogo kimya. Ulizeni mpate kusimuliwa.

Siku ya karafuu, Pujini na popo

Siku ya tatu pumzikeni asubuhi. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu marafiki wengi hugombana siku ya tatu, na mara nyingi kisa ni jua na usingizi. Kila mtu afanye lake hadi saa nne. Mimi nilifua, yeye alikwenda sokoni peke yake akarudi na shokishoki.

Baadaye nendeni Pujini, kusini mashariki ya Chake, kwenye mabaki ya ngome ya Mkama Ndume ya karne ya 15. Jina lina maana ya mkamua wanaume, na masimulizi ya ukali wake bado yako midomoni mwa watu: kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kuna kisima ambacho husemwa kilitengwa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wanapoteka maji. Kilichobaki ardhini si kikubwa kwa macho, hivyo chukueni mwenyeji wa kuwaonyesha, la sivyo mtaona vichaka tu.

Njiani, kama ni msimu, ambao kwa kawaida ni nusu ya pili ya mwaka, mtaziona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni ya barabara na harufu yake itawaingia hadi nguoni. Zamani karafuu zilikuwa nyingi Unguja vilevile, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo nyumba yake. Msikanyage majamvi, na msikubali kununua karafuu za uchochoroni kwa kilo ili mzipeleke bara. Ununuzi wake uko chini ya shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kosa linaloshughulikiwa kwa ukali. Mafuta ya karafuu yaliyofungwa vizuri dukani yanatosha.

Jioni pandeni gari la Wete mshuke njia ya Kidike kuwaona popo wa Pemba, wakubwa, wenye manyoya mekundu shingoni, wasiopatikana porini kwingine duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamekaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanakijiji wakaamua kuwalinda, wakaongezeka tena. Mlipe ada ndogo ya kijiji. Ngojeni karibu na magharibi, waanze kuamka na kuruka mmoja mmoja.

Siku ya Ngezi na Vumawimbi

Siku ya nne ni tarehe 15, maji yatajaa saa kumi alasiri, na siku hii nimeipanga kwa ajili ya Vumawimbi. Ondokeni asubuhi na gari la Konde. Kutoka Konde hadi msitu wa Ngezi na ufukweni hakuna usafiri wa uhakika, chukueni bodaboda mbili na mpatane mapema saa ya kuja kuwarudisha. Namba za simu za madereva ziandikwe na wote wawili.

Ngezi lipieni getini na mwende na muongozaji. Ndani kuna mivule mirefu na mpapindi, mti wa porini wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba, na bundi mdogo ambaye ni mmoja wa aina nne za ndege wa Pemba pekee. Kuna baridi ya kivuli ambayo baada ya siku tatu za jua mtaishukuru.

Saa nane mchana shukeni Vumawimbi. Ni mchanga mweupe mrefu upande wa mashariki wa rasi ya Kigomasha, na mara nyingi mtakuwa na wavuvi watatu na ng'ombe mmoja. Hakuna duka. Bebeni maji ya kunywa lita tatu, maandazi, machungwa, na mfuko wa kurudishia takataka. Maji yatakuwa yanapanda polepole kwenye mchanga uliochomwa na jua tangu asubuhi, kwa hiyo yanakuja ya vuguvugu. Hapo ndipo shoga yangu alipolala chali juu ya maji kwa mara ya kwanza, mimi nimemshika mgongo kwa kiganja, kisha nikamwachia bila kumwambia. Alielea.

Kula

Migahawa ni michache na chakula huisha mapema, hivyo agizeni cha jioni mnapotoka asubuhi. Mwambie mwenye nyumba mnataka pweza wa nazi au changu wa kukaanga na wali, atatuma mtu diko samaki wakishuka. Asubuhi tafuteni vitumbua na chai ya viungo. Jioni Chake kuna urojo, mishikaki, muhogo wa kukaanga. Juisi ya bungo msiikose. Doriani, tunda lenye harufu kali, kama ni msimu wake, ileni nje, kamwe msiingize chumbani, mwenye nyumba atawasikitikia kwa adabu lakini atasikitika. Pombe karibu haipatikani, na msiibebe.

Kurudi

Siku ya tano lipeni malazi usiku uliotangulia. Gari la 603 litengeeni kwenye hesabu zenu saa nzima ya ziada, na muwe bandarini Mkoani muda wa saa mbili kabla ya boti. Tiketi ikiandika 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Soma kwa sauti mbele ya mwenzako, maana kuna watu huiona saba wakaja saa saba. Dawa ya kichefuchefu tena.

Fungueni daftari la mfuko mkiwa mmekaa kwenye benchi la kungojea. Sisi tulibakiwa na shilingi 62,000. Tulinunua mkate wa ufuta wa kula njiani, na zilizobaki hatukugawana. Tulimwachia shoga yangu azishike, akaandika juu ya bahasha tarehe ya bamvua ya Februari.